Kigari cha Salima Kisichokuwa na Breki

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na suti nilikuwa nimeivaa.

Naandika haya mwenyewe, sasa hivi, tena nimesimama (kwa nini nimesimama mtaelewa mwishoni), kwa sababu pale kwenye mteremko kulikuwa na mtu ana simu na nilimwona akiielekeza kwangu. Video itawafikia tu. Network ya Kasongo ikiwa na habari njema inalala wiki nzima, lakini ikiwa na aibu ya mtu inaamka yenyewe! Basi afadhali msikie kwangu kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni Amisi, mwalimu wa fizikia. (Ndiyo, fizikia. Lishikeni hilo neno, litanichoma baadaye.) Mke wangu Zaina alijifungua mtoto wetu wa kwanza, Salima, siku arobaini zilizopita. Alipasuliwa. Kutoka hospitali akaenda moja kwa moja kwa mama yake, upande wa pili wa mji, maana mzazi wa kwanza hutunzwa na mama yake mpaka arobaini itimie. Mimi nikabaki nyumbani na sufuria zangu. Katika siku zote hizo nimempakata mwanangu mara nne. Nimehesabu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kukabidhiwa mke na mtoto. Nimeisubiri kama mshahara.

Sasa kuna mama mkwe wangu, Mama Zaina. Mtu wa Kabambare, mtu wa desturi kuanzia kilemba mpaka kisigino. Kwao mwanaume hamwangalii mama mkwe machoni. Akikutana naye njiani anatoka barabarani, anampa mgongo, anachuchumaa, anaangalia majani mpaka mama apite. Miaka mitatu nimefanya hivyo bila kukosea hata mara moja. Nimechuchumaa kwenye matope. Nimechuchumaa kwenye siafu, na sikusema kitu.

Wiki iliyopita alikuwa na swali kwangu, na bila shaka halikuja moja kwa moja. Lilipitia kwa Zaina, amesimama mlangoni katikati yetu, mimi nje naangalia ukuta, mama ndani.

"Mama wanauliza," Zaina akasema, "mushono haujapona muzuri. Miye siwezi kufunga mutoto mugongoni. Kule kwetu nani atamubeba?"

Jibu lilikuwepo. Mgongo ninao, mpana, mzima, hauna mshono wowote. Lakini niambieni ninyi: mwanaume gani wa Kasongo mmemwona anapita sokoni na mtoto mgongoni? Mwalimu mzima! Wanafunzi wangu wangenipa jina ningezikwa nalo.

Nikajibu kwa sauti kubwa, ili na mama asikie: "Uwaambie mama wasiogope. Nitaleta pusete, kigari cha kumsukumia mtoto!"

Halafu sauti ya mama kutoka ndani, bila kupitia kwa mtu: "Alete, tuione. Ikiwa mubaya, Zaina na mutoto watabaki hapa mupaka mushono ufunge kabisa."

Mshono kufunga kabisa, kwa hesabu ya Mama Zaina, ni mpaka Salima aanze shule. Kwa hiyo mnaona. Mke wangu na mwanangu walikuwa wananing'inia kwenye kigari ambacho nilikuwa sijakiona.

Kasongo hii vigari vya kusukumia watoto anavyo mtu mmoja, Sefu, muuza vitu vya mitumba pale sokoni. Alikuwa navyo viwili. Vilikuja vimefungwa juu ya pikipiki kutoka upande wa Kabambare, na ile njia mnaijua, kwa hiyo vilifika vimeshazeeka kuliko umri wao. Leo asubuhi nikaenda kuchagua. Nimevaa suti tayari, kwa sababu nilipanga nikitoka sokoni niende ukweni moja kwa moja.

"Mwalimu!" Sefu akanipokea. "Kama ni kwa mutoto wa kwanza, kuchagua hakuna shida. Hii nyekundu iko na fren ya kuisimamisha. Hii nyeusi iko na magurudumu."

"Nyekundu haina magurudumu?"

"Iko nayo. Lakini ile ni ya kutembeza mutoto kwa salon, mule ndani ya nyumba."

Nikapiga magoti na suti yangu, nikaanza kukagua. Na hapo ndipo hasira yangu ya kwanza ya leo ilipoanza, maana Kasongo mtu hawezi kununua kitu peke yake! Ukiinama tu, watu kumi wameinama na wewe. Mmoja akabonyeza kiti. Mwingine akafungua kile kipaa cha kuzuia jua, akakifunga, akakifungua, akakifunga. Mwingine akauliza kama kinaweza kubeba gunia la makaa. Kuna mzee alitaka kujua nikimaliza na mtoto nitamuuzia lini.

Mbaya kuliko wote alikuwa Mama Asha, anayeuza samaki wa Nyangwe mbele ya kibanda cha Sefu. Aliweka mikono kiunoni akanikazia macho.

"Mwalimu, hii ni ya kubeba nini?"

"Mtoto, Mama Asha."

"Mutoto iko mugonjwa?"

"Mzima kabisa."

"Miguu yake?"

"Mizima! Ana siku arobaini, atatembea vipi?"

"Basi mbona hatabebwa na mutu?"

Watu wakaguna wote pamoja, kana kwamba nimeulizwa na hakimu. Nikamwambia Sefu anipe maharagwe, kilo tano, kiasi cha Salima, nifanye majaribio. (Mwalimu wa fizikia hanunui kwa macho.) Nikayaweka kwenye kigari chekundu, nikasukuma. Hatua mbili, gurudumu likaingia kwenye ufa mdogo wa ardhi, kigari kikasimama, maharagwe yakaendelea na safari. Yakamwagika mbele. Nikaona Salima katika yale maharagwe na moyo ukanipasuka.

Nikajaza tena, nikajaribu cheusi. Magurudumu makubwa, kama ya baiskeli ya mtoto. Kilipita juu ya ufa, juu ya jiwe, juu ya mguu wa yule mzee, bila kutikisika! Tena mtoto akikaa anamwangalia anayemsukuma, siyo kuangalia mbele kama dereva. Nikaona Salima ananiangalia. Nikashindwa kabisa.

"Na breki?" nikauliza. Niliuliza! Naomba ijulikane kwamba niliuliza.

Sefu akacheka. "Mwalimu, fren ya nini? Njia ya Kasongo yenyewe ni fren!"

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Kila mwaka nawaandikia watoto wa watu ubaoni habari za msuguano na mteremko, halafu nikasimama pale nikicheka na Sefu. Tulipatana, nikachukua cheusi.

Zawadi nyingine za ukweni, chumvi, sabuni na kuku, nilikuwa nimeshazituma jana kwa pikipiki. Lilibaki bidoni moja la mafuta ya mawese, lita tano, ya Lusangi, mekundu, mazuri, ambayo mama mkwe aliyaagiza kwa jina. Mfuniko wake ulishapotea, nimeziba kwa gunzi la mahindi kama tunavyoziba wote. Nikaona ujinga kubeba bidoni mkononi huku nasukuma kigari kitupu. Nikaliweka ndani. Ili mafuta yasichafue kitambaa, nikalifunga vizuri kwenye kitenge kipya nilichomnunulia mama mkwe, nikalilaza chali, nikashusha kipaa.

Mkifikiria nilivyolilaza, mtaelewa.

Nikaanza kusukuma. Sikufika mbali. "Papa! Pusupusu! Nibebee hii mihogo mupaka kwa mosikiti!" Mwanamke mmoja, simjui, ana kapu kichwani, ananiita mimi kama naendesha mkokoteni wa mizigo. Na suti! Hatua kumi mbele, mwingine: "We wa pusupusu, uko unaenda wapi?" Mwanaume mmoja aliweka ndizi zake juu ya kipaa kabla sijasema neno. Nikamrudishia ndizi zake. Hasira ikapanda. Kitu nimekikagua kwa magoti, nimekichagulia mwanangu wa kwanza, mji mzima unaona mkokoteni!

Ndipo Mama Asha, ambaye alikuwa amemaliza samaki wake na anaelekea njia yangu hiyo hiyo, akanifikia kwa nyuma. "Mwalimu, sasa umebeba nini mule?"

Hapa ndipo nilipojiharibia. Ningesema mafuta. Neno moja tu. Lakini nikifungua mdomo niseme "mafuta", basi mimi ni mtu wa pusupusu mpaka kufa. Hasira ikajibu kabla yangu:

"Mtoto! Amelala, msimwamshe!"

Ajabu ya neno moja. Wote wakashusha sauti. Yule wa mihogo akaomba samahani. Mama mmoja akasema "Mashalla" kwa kunong'ona. Mtu wa ndizi akanisogezea jiwe njiani. "Hongera, Baba Salima." "Asante, asante." Mwingine akataka kuchungulia, nikaweka kidole mdomoni, naye akarudi nyuma kwa adabu. Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilitembea kama waziri. Nikavuka soko zima na lita tano za mawese, watu wananipisha.

Kitu ambacho sikukiona ni Mama Asha. Yeye alikata njia za kati ya nyumba, akatangulia. Na mama mkwe wangu leo asubuhi hakuwa nyumbani. Alikuwa kwenye meza yake ya sabuni, nusu ya njia, akimalizia biashara kabla ya kuja kunikabidhi watu wangu. Mama Asha akamkuta pale na kumwambia, kwa maneno aliyoyarudia mwenyewe baadaye mbele yangu bila haya:

"Mukwe wenu iko anatembeza mutoto soko nzima, ndani ya kagari! Mutoto analala fofofo, anasema tusimuamushe!"

Jiwekeni mahali pa Mama Zaina. Amemwacha mjukuu nyumbani na mama yake, hajakabidhi, hajatoa neno, na sasa anasikia mkwe ameshamtoa mtoto na kumpitisha juani kama mtu aliyeiba kuku. Akaacha sabuni zake. Akashika njia.

Kasongo nzima ina mteremko mmoja uliosawazishwa. Mmoja! Juzi tu walipita na mashine, wakamwaga changarawe nyekundu, wakaishindilia mpaka ikawa kama sakafu ya msikiti. Barabara zote za mji huu ni breki, kama Sefu alivyosema, isipokuwa hiyo. Nilifika juu yake saa tano hivi. Nikaanza kushuka polepole, mikono imeshika imara, najisifu moyoni kwa uchaguzi wangu wa magurudumu.

Nikainua macho. Mama Zaina huyo anapanda, kilemba cheupe, bubu jeupe la sherehe, lile gauni pana, anakuja kama mvua.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Miaka mitatu mwili wangu umefundishwa kitu kimoja, na mwili wangu una adabu kuliko akili yangu. Nikatoka barabarani. Nikampa mgongo. Nikachuchumaa. Nikaangalia majani.

Na mikono yote miwili nimeiweka magotini.

Nikasikia magurudumu. Yale makubwa, mazuri, yasiyotikisika.

"MUTOTO! MUTOTO!" Wanawake wote wa mteremko kwa pamoja. Nikageuka. Kigari kilikuwa kinashuka katikati ya barabara, kimenyooka kama kinaendeshwa, kinazidi kasi kila mita. (Ndiyo, najua kanuni. Msiniandikie kanuni.) Pikipiki moja ikaingia mtaroni kukikwepa. Mtu wa kuni akatupa kuni zake. Na mimi nimesimama pale, najua ni mafuta, mdomo umefunguka, nataka kupiga kelele "Ni mafuta!" na sauti haitoki, maana muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimewaambia wote amelala.

Kigari kikampita Mama Zaina. Mama huyu ana wajukuu, ana goti linalomuuma, anatembea kwa kuhesabu hatua. Akavua sandali. Akageuka. Akakimbia! Sijawahi kuona mtu akikimbia hivyo. Kilemba kikaanguka hakukitazama. Kule chini akakishika kigari kwa kipaa, kikamzungusha, wakaanguka wote wawili, na kabla vumbi halijatulia alikuwa ameshapiga magoti, ameingiza mikono ndani, ametoa kile kitu kilichofungwa kwenye kitenge, kizito kiasi cha mtoto wa siku arobaini, na kukibana kifuani.

"Mujukuu wangu! Mujukuu wangu! Bibi iko hapa!"

Alikuwa analia. Machozi ya kweli.

Na lile gunzi likachomoka.

Mafuta yakapanda juu, yakamwingia shingoni, yakashuka kwenye bubu jeupe mpaka kwenye magoti. Mama mkwe wangu, mwekundu kuanzia kidevu, amekumbatia bidoni, anaendelea kulibembeleza kidogo kabla mikono haijaelewa.

Nilikuwa nimeshafika. Akainua uso akaniangalia. Machoni. Mara ya kwanza katika miaka mitatu.

"Amisi. Mutoto iko wapi?"

"Iko kwenu, mama. Iko na Zaina."

"Na hii ni nini?"

"Ni mafuta yenu, mama."

Hapo ndipo mji ulipocheka. Mtu wa kuni alikaa chini kabisa. Mama Asha, ambaye ndiye aliyeleta haya yote, alikuwa anashikilia mti! Niliwakasirikia wote, nikamkasirikia Sefu, nikakikasirikia kigari, lakini mwanamke yule alikuwa bado anatetemeka mikono, na aliyemtetemesha ni mimi. Hasira yote ikakosa pa kwenda, ikanirudia.

Nikamwomba msamaha nikiangalia chini. Nikasema, "Mama, niliachia kwa sababu ya heshima."

"Heshima!" Akasimama, mafuta yanadondoka. "Kagari kanakimbia na mutoto, na weye uko unaangalia majani?"

"Nilijua hakuna mtoto, mama."

"Weye ulijua. Siye hatukujua."

Nikapanda kuokota sandali zake na kilemba, nikamletea.

Tukaenda kwake, yeye mbele, mimi nyuma nasukuma kigari kitupu (kilikuwa kizima! hata mkwaruzo hakina!). Alioga. Mimi nikakaa nje kwenye kigoda, nikisubiri kuambiwa nirudi mwenyewe. Zaina alitoka mara moja na Salima mikononi, akaniangalia, akaanza kucheka, akashika mshono wake, akalia kwa maumivu na kicheko, akarudi ndani. Nilijua basi. Mke na mtoto mpaka Salima aanze shule.

Mama Zaina akatoka na nguo nyingine. Mkononi alikuwa na kile kitenge kipya, nusu chekundu kwa mafuta. Zaina alikuwa nyuma yake na mtoto, lakini safari hii mama hakumtumia Zaina.

"Pusete itabaki hapa. Nitabebea sabuni, ni muzuri kwa sabuni. Zaina haruhusiwi kufunga kitu kwa tumbo ile. Basi nakuuliza, mukwe. Weye hauna mugongo?"

"Ninao, mama."

"Inama."

Nikainama. Akamweka Salima mgongoni mwangu, akanifunga kile kitenge juu ya koti la suti, akakaza fundo kifuani kama mtu anayefunga gunia. "Mupite njia ile ile," akasema. "Wale wale watu waone mutoto wa kweli." Kisha akashika kichwa cha mjukuu, akakiachia, akaingia ndani haraka, na Zaina akanivuta mkono tuondoke kabla mama hajabadili mawazo.

Tukapita njia ile ile. Kwenye mteremko walipiga makofi. Sokoni wanafunzi wangu wanne walisimama kwa heshima kama darasani, kisha wakageuka ukutani na mabega yakaanza kuruka. Jina nimeshapewa, sitaliandika hapa. Mama Asha akaja, akanizunguka, akainua pembe ya kitenge kuhakikisha. Na Sefu, Mungu amlipe kwa anavyostahili, akapiga kelele kutoka kibandani: "Mwalimu! Ile yenye fren iko bado!" Ningekuwa na mkono huru ningemtupia kitu. Lakini mikono yote miwili ilikuwa nyuma, imeshika, na safari hii hata angepita malkia nisingeachia.

Sasa tuko nyumbani. Zaina amejilaza. Suti inanuka mawese, na pia kitu kingine ambacho Salima aliongeza tulipofika msikitini. Shavu lake liko kati ya mabega yangu, nasikia pumzi inapita kwenye koti. Kila nikijaribu kukaa anaanza kulia, ndiyo maana naandika nimesimama, na ndiyo maana nawaomba, video ikifika, kama lazima mcheke chekeni polepole. Amelala, msimwamshe. Safari hii ni kweli.